Mrija wa Edimu

Egau alikuwa na saa mia mbili thelathini na moja za kurusha ndege, na kati ya hizo hapakuwa na hata moja ambayo mtu wa kwao alipata kuiona. Zote zilikuwa za Uskochi, juu ya mashamba ya kondoo na mvua nyembamba isiyokoma. Ziliandikwa kwa wino katika daftari la jalada la buluu: tarehe, aina ya ndege, mahali pa kuruka, mahali pa kutua, sahihi ya mwalimu. Daftari hilo alikuwa amelichomeka ndani ya shati kwenye basi lililotoka Busia Jumamosi asubuhi, tarehe kumi na moja Agosti, 1962. Katika mfuko wa koti alikuwa na barua mbili.

Kondakta alilitazama koti, akavitazama na viatu.

"Wewe karani wa kodi?"

"Hapana. Mimi rubani. Naendesha ndege."

"Ndege!" Kondakta akawageukia abiria. "Jamaa nasema naendesha ndege. Sasa mbona nakwenda na basi yangu?"

Watu walicheka, na Egau akacheka nao kidogo, kwa adabu. Kisha kicheko kikaisha, kila mtu akarudi kwa jirani yake, naye akabaki na dirisha.

Barua zilikuwa zimefikia sanduku la posta la shemeji yake, fundi cherehani wa Busia, kwa kuwa Buteba, kijijini kwao, hapakuwa na posta. Ya kwanza ilitoka kwa shirika kubwa la ndege la Nairobi. Walimpa kiti cha rubani msaidizi katika ndege ya Dakota, kuanzia tarehe mosi Septemba. Ratiba ya safari ingetolewa kila mwezi kabla ya mwezi kuanza. Likizo ilikuwa siku thelathini kwa mwaka, na tarehe zake zingejulikana mapema. Jibu lilitakiwa kwa telegramu, kabla ya Jumanne jioni.

Ya pili ilitoka Tororo kwa Kapteni Wolski, Mpolandi aliyerusha ndege za vita kisha akakosa nchi ya kurudi. Alikuwa na ndege moja ya injini mbili na viti sita, akiwapeleka madaktari, barua, chanjo na mabwana pamba hadi Soroti, Moroto, Lira na Kisumu. Rubani wake wa pili alikuwa amehamia Rhodesia. Egau angekuwa kapteni tangu siku ya kwanza, kwa sharti la kufaulu mtihani wa kuruka, Jumatatu saa moja asubuhi. Chini kulikuwa na sentensi moja iliyopigiwa mstari mara mbili: anayegusa pombe katika saa ishirini na nne kabla ya kuruka, haigusi ndege yangu.

Egau alikuwa amekwisha kuyapanga mambo hayo kwenye karatasi, safu mbili. Safu ya Nairobi ilikuwa na sababu sita, kila moja ikiwa na uzito unaoweza kupimwa: ndege kubwa zaidi, mafunzo zaidi, jina, nyumba, ratiba, likizo. Safu ya Tororo ilikuwa na sababu moja tu. Kutoka uwanja wa ndege wa Tororo hadi boma la baba yake kulikuwa mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Sababu hiyo moja ilizishinda zile sita, na jambo hilo lilimkera, kwa maana hakuweza kuipa tarakimu.

Miaka miwili ya Uskochi alikuwa amekula chakula cha Jumapili peke yake. Mama mwenye nyumba alimwekea sahani mezani, akaifunika, akaenda kanisani. Wanafunzi wenzake hawakumtendea ubaya wowote. Walimwita Bart, kifupi cha Bartholomew, jina lake la ubatizo, wakamsifu kwa kutua vizuri, na kila Ijumaa jioni wakaondoka pamoja bila kumuuliza anakwenda wapi. Alipata kuhesabu: tangu Septemba 1960 hadi Julai 1962, hakuna sauti iliyomwita Egau. Baba yake, Edimu, alipofariki mwezi wa Aprili, telegramu ilimfikia siku moja baada ya maziko. Aliikunja, akaitia katika daftari la buluu, akaenda kuruka, kwa kuwa siku hiyo alikuwa kwenye orodha.

*

Pombe ilianza kunukia kabla hajafika kwenye ua. Adeke, mke wa pili wa baba yake, alikuwa mbele ya jiko la nje, akikoroga kimea cha wimbi. Ndiye aliyemlea Egau tangu akiwa na miaka minne, mama yake mzazi alipokufa. Hakumkumbatia. Alijifuta mikono, akamshika kidevu, akamgeuza uso kuume na kushoto kama anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Wamekurudisha nusu," alisema. "Nusu nyingine wameila?"

"Baridi ndiyo iliyokula, mama."

"Kaa. Kesho ni siku yako."

Kesho ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya Edimu. Katika ukoo wao matanga hayaishi kwa hotuba. Huisha kwa chungu kimoja cha ajono, pombe ya wimbi inayonywewa na wanaume wakiwa wamekizunguka, kila mmoja kwa mrija wake mrefu. Mrithi huletewa mrija wa marehemu, naye hunywa wa kwanza, peke yake, wengine wakitazama. Akishakunywa, mahali pa marehemu ni pake. Mrija wa Edimu ulikuwa umening'inizwa ukutani juu ya kitanda, ndani ya ala yake ya matete: mrefu kuliko mtu, umekuwa kahawia kwa miaka thelathini ya kushikwa, na nchani mwake kichujio alichokisuka Edimu mwenyewe. Kama Egau asingeuchukua, ungekwenda kwa Ojangole, mdogo wake, mtoto wa tumbo la Adeke.

Jioni ile alimwendea Ecweru, ndugu mdogo wa baba yake, aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa kwa sababu moja tu: wengine wote walikuwa wamekufa. Alimkuta akinoa mundu.

"Baba mdogo, nina jambo. Jumatatu saa moja nina mtihani wa kurusha ndege Tororo. Kuna sheria. Kabla ya kuruka, saa ishirini na nne, hakuna kunywa pombe."

Ecweru aliacha kunoa.

"Sheria ya nani?"

"Ya mwenye ndege. Mzungu mmoja."

"Mzungu akukataze pombe ya baba yako!" Ecweru alicheka mpaka akakohoa. "Na uji je, amekuruhusu? Na mkeo ukimpata, utamwomba huyo mzungu saa ngapi?"

"Sikutanii, baba mdogo."

"Nami sikutanii. Mwambie aje, tumpe mrija. Mtu aliyepaa mpaka juu bila kuanguka, ataangushwa na wimbi?"

Egau alitabasamu, akashukuru, akaondoka. Alidhani amepata jibu. Miaka miwili alikuwa amekaa na watu ambao wakikucheka, neno hilo limekwisha. Alikuwa amesahau kwamba kwao kicheko ndipo mazungumzo yanapoanzia, na kwamba Ecweru alikaa na mundu wake hadi jua lilipozama, akingoja arudi kubishana.

Akaamua peke yake, kama alivyozoea. Chungu kisingeweza kuahirishwa, maana wimbi lililochachuka halijui Jumatatu. Mtihani nao usingeweza kuahirishwa. Kukataa mbele ya ukoo mzima aliona ni kumtukana marehemu. Likabaki jambo moja: atautia mrija mdomoni, asivute. Baada yake watakunywa watu kumi na watano, nani atakayejua? Lilikuwa suluhisho safi, halimdhuru mtu. Akalala vizuri.

*

Jumapili, baada ya misa, wanaume wa ukoo walikaa kwenye viti vyao vifupi kukizunguka chungu. Kiti cha Edimu kilikuwa wazi, kimeelekea mlango wa nyumba. Ecweru alileta mrija, akauchomoa katika ala, akamkabidhi Egau. Adeke alikuja na birika la maji ya moto. Alimimina polepole juu ya kimea mpaka maji yakagusa ukingo wa chungu, akasimama nyuma.

Egau aliingiza kichujio, akainama, akafumba midomo juu ya mrija. Alihesabu moyoni hadi thelathini. Aliona ukingo wa chungu, vidole vyake, na kidole gumba cha mguu wa Ecweru kikicheza. Kisha akainua kichwa.

Hakuna aliyechukua mrija wake.

Adeke alikuwa akikitazama chungu. Maji yalikuwa bado yanagusa ukingo, palepale alipoyaacha. Mrithi anapokunywa, maji hushuka, na pete ya wimbi lililolowa huonekana shingoni mwa chungu. Hapo ndipo mwanamke huongeza maji, na wengine huanza. Pete haikuwapo. Egau, aliyefundishwa kutoamini macho bila kusoma kipimo, alikuwa amekaa mbele ya kipimo kilicho wazi kuliko vyote pale uani asikione.

"Chungu kimejaa," alisema Ecweru. Safari hii hakukuwa na mzaha.

"Baba mdogo, nilikueleza jana. Kesho narusha..."

"Ulinieleza sheria. Nikakucheka, ukaenda zako. Hukunieleza kwamba utakuja kutuigizia." Ecweru hakupandisha sauti. "Ungesema, 'Leo sinywi.' Tungekuuliza kwa nini. Tungekutukana, tungekuita mzungu mweusi, halafu tungekungoja chungu kingine. Watu wamegoma kwenye chungu hiki tangu enzi za babu yangu. Mimi mwenyewe niligoma mara mbili, kwa ajili ya ndama. Lakini anayetia mrija mdomoni asivute, unajua anasema nini?"

Egau hakujua. Kisha, kwa sababu kila mtu sasa alikuwa akimtazama Adeke na si yeye, akajua.

Anasema: ndani ya chungu hiki mna kitu.

Mambo mengine aliyapata baadaye kwa Ojangole, ila mengi aliyasoma kwenye nyuso palepale. Edimu aliugua tumbo siku tatu, akafa. Siku moja kabla ya kuugua alikunywa pombe, na mpishi wa pombe hiyo alikuwa Adeke. Kulikuwa na minong'ono kisimani, kulikuwa na waliosema kwamba Adeke alitaka mrija umwendee mwanawe. Kuanzia Aprili hadi Agosti aliivumilia minong'ono hiyo akiwaambia watu neno moja tu: mngojeeni Egau. Hospitali ya Tororo ilikuwa imeandika kwamba kidole tumbo kilipasuka. Karatasi hiyo Egau alikuwa nayo, ametumiwa Uskochi. Aliiamini kama alivyoamini jina lake. Lakini hakuna aliyemwomba karatasi. Walimwomba avute mrija, naye amejibu.

Adeke aliliweka birika chini. Alipita katikati ya wanaume, jambo ambalo mwanamke halifanyi, akanyoosha mkono.

"Nipe."

Mke hashiki mrija wa mumewe mbele ya wakwe. Akaushika. Aliinama na kuvuta, na wote wakauona mshipa wa shingo yake ukipanda na kushuka. Maji yakashuka. Pete ya wimbi ikatokea, nyembamba, kisha pana kama kidole. Aliinuka, akapangusa mdomo kwa kiganja, akachukua birika akajaza tena hadi ukingoni, polepole, bila kumwaga tone.

"Sasa ni wewe," alimwambia. "Au sema mbele yao ninachokusikia ukisema."

Egau alitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Hata pale alipiga hesabu: hadi saa moja asubuhi ni saa kumi na nne na dakika kumi. Hazitoshi.

Akavuta. Pombe ilikuwa ya moto, chachu, yenye ladha ya moshi, na ilimjia na utoto wake wote kwa pamoja. Alivuta mpaka pete ikaonekana, akaendelea kuvuta mpaka Ecweru akamgusa bega.

"Inatosha. Tuachie na sisi."

Mirija kumi na mitano ikaingia chunguni. Maneno yakarudi, kwanza ya mvua, kisha ya pamba, kisha ya mtu fulani wa Lunyo aliyeuza fahali kipofu. Hakuna aliyemlaumu tena. Walimpisha akae, ingawa hakuvuta tena, wakamwita Egau mpaka akachoka kuhesabu. Adeke alikuwa ameingia ndani, na mlango ulikuwa umefungwa.

*

Asubuhi ya Jumatatu aliazima baiskeli ya Ojangole. Alipokaribia Tororo aliuona moshi wa kiwanda cha saruji ukilalia magharibi, akakadiria upepo kabla ya kuiona bendera ya uwanjani: unatoka mashariki, kwa kasi ya mafundo sita. Mwamba wa Tororo ulikuwa umesimama peke yake katikati ya tambarare, kama mgeni ambaye hakupewa kiti.

Kapteni Wolski alikuwa juu ya bawa, akipima mafuta kwa kijiti. Alikuwa mwembamba, wa miaka hamsini hivi, sikio moja limekunjamana kwa kovu la moto.

"Bwana Egau. Saa moja kasoro dakika mbili. Vizuri. Panda."

"Siwezi kupanda. Jana saa kumi na moja kasoro dakika kumi nilikunywa pombe."

Wolski alifuta kijiti kwa kitambaa.

"Nyingi?"

"Kiasi sikupima."

"Mimi sikunusa kitu. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Jana nilifikiri hivyo hivyo juu ya jambo jingine."

Mzee yule alishuka, akakichomeka kijiti mfukoni. Hakuuliza jambo hilo jingine ni lipi.

"Nimeandika saa ishirini na nne. Basi zitimie. Rudi saa kumi na moja jioni."

Egau hakwenda popote. Alikaa kutwa kwenye kivuli cha mapipa ya petroli. Ndege ilikwenda Soroti ikarudi. Mlinzi wa uwanja alimsalimia mara moja, akamwacha. Alijaribu kuitoa ile karatasi yenye safu mbili, akakuta ameiacha nyumbani, akaona haihitaji tena.

Jioni waliruka. Alikuwa na wasiwasi hadi magurudumu yalipoachana na ardhi; baada ya hapo mikono ilijua kazi yake. Wolski alimzimia injini ya kushoto, akairudisha, akamfunika vioo vya mbele kwa ramani ili aruke kwa vipimo peke yake. Kisha akaiondoa ramani na kuonyesha kusini.

"Nipeleke pale mtoni, halafu tugeuke."

Mto Malaba ulikuwa chini yao, na kando yake Buteba, futi elfu mbili chini. Egau aliliona boma. Nyumba za mviringo, ghala, ua uliofagiwa, na katikati ya ua duara jeusi mahali ambapo jana vilikuwa viti. Mtu mmoja alisimama karibu na jiko, mkono juu ya macho, akitazama juu. Hakuweza kujua ni nani. Alitamani kutikisa bawa. Lakini huo ulikuwa mtihani, na kutikisa bawa hakukuwamo. Akageuza ndege kwa nyuzi thelathini sawasawa, boma likapita chini ya injini, likapotea.

Walipotua Wolski hakungoja hata feni zisimame.

"Kazi ni yako. Anza kesho ukitaka."

"Nina swali. Kwa mwezi, ni siku ngapi ambazo nitajua mapema kwamba siruki?"

"Hakuna."

"Kwa mwaka?"

"Bwana Egau, ndege ni moja na marubani ni wawili. Mmoja akiwa Moroto, mwingine anangoja hapa aipokee. Nikipata malaria, anangoja peke yake. Simu ya daktari haina Jumapili. Krismasi nilikuwa Kitale na mama aliyekuwa akitoka damu. Pasaka nilikuwa Lira. Nikikuahidi siku, nitakuwa mwongo."

"Na wewe hunywa lini?"

"Sijaonja tangu 1953." Wolski alianza kufunga kamba ya bawa. "Mtu huzoea. Mwanzo wanakualika, unakataa. Kisha wanakualika kwa adabu. Kisha hawakualiki, na unapata usingizi mwingi." Akakaza fundo. "Ila mimi hakuna anayeningojea kwenye chungu. Wewe unaye?"

"Ninaye," alisema Egau.

Ndipo alipoweza kuitia tarakimu sababu ile moja. Akikaa Tororo, angelala nyumbani kila juma, angesikia vicheko vya ua wa jirani, angeitwa kwenye kila harusi, kila matanga na kila mavuno, na kila mara angesema, leo sinywi. Wangemuuliza kwa nini, wangemtania, wangengoja chungu kingine, na kingine. Mahali pa Edimu pangekuwa wazi na mwenyewe yupo, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Siku mia tatu sitini na tano bila hata moja ya kukaa. Akienda Nairobi angekuwa mgeni siku mia tatu thelathini na tano. Zingebaki thelathini.

Sifuri na thelathini. Hata mtoto wa darasa la kwanza angechagua. Alimshukuru Wolski, akampa mkono, akaendesha baiskeli hadi Buteba giza likiingia, akijua kwamba amechagua sawasawa, na kwamba kuchagua sawasawa hakumpunguzii kitu.

*

Jumanne alituma telegramu kutoka posta ya Tororo: anakubali, na anaomba likizo iwe mwezi wa Agosti, wimbi jipya linapokuwa limeingia ghalani. Jibu lilikuja Alhamisi. Walimkaribisha. Agosti huchukuliwa na marubani wa zamani. Likizo yake ilikuwa imepangwa kuanza Jumatatu, tarehe nne Februari.

Ecweru alilipokea neno hilo kwa mdomo uliopinda.

"Nairobi. Haya. Wenye ndege kubwa wamemshinda mwenye ndege ndogo. Ukubwa nao una utamu wake, tusidanganyane."

Egau alifungua mdomo amweleze hesabu yake. Akaona jinsi ilivyo ndefu, na jinsi ambavyo mwishoni mwake ingesikika kama kujitetea. Safari hii, hata hivyo, hakuondoka. Akavuta kiti.

"Wewe mwenyewe uligoma mara mbili kwa ajili ya ndama, baba mdogo. Mimi nikienda kwa ajili ya Dakota ni kosa?"

"Ndama yule alikuwa mzuri!" Ecweru alifoka, na uso wake ukafunguka, wakabishana juu ya ndama hadi saa ya kula.

Kwa Adeke ilikuwa vigumu zaidi. Tangu Jumapili ile alimpa chakula, alimfulia shati, alimjibu alichoulizwa, basi. Egau alimkuta ghalani asubuhi ya kuondoka, akipeta wimbi.

"Mama, ile karatasi ya hospitali ninayo. Niliiamini tangu siku ya kwanza. Sikufikiri..."

"Najua hukufikiri," alisema Adeke, akiendelea kupeta. "Ungekuwa umefikiri ningekufukuza. Unarudi lini?"

"Februari."

"Februari ina siku nyingi."

"Tarehe nne."

"Februari hakuna wimbi jipya."

"Najua. Niliomba Agosti, wakakataa."

Ungo ulisimama. Ndipo alipomtazama, mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Uliwaomba wazungu mwezi wa wimbi?"

"Niliwaomba."

Adeke alichukua kikapu, akakijaza wimbi kwa viganja vyake, akaliparuza juu liwe sawa.

"Wimbi halibunguliwi kama mahindi. Ukilifunika vizuri linakaa miaka." Akakifunika kwa jani la mgomba, akakisukuma hadi pembeni, mbali na vingine. "Pombe inataka siku kumi na nne. Nianze lini?"

"Tarehe ishirini na moja Januari."

Hakujua kuandika. Alimwita Ojangole, naye akaiandika tarehe hiyo kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, kubwa, kama bei sokoni.

*

Tarehe ishirini na saba Septemba, Dakota ilipokuwa ikitoka Kisumu kwenda Entebbe, anga lilikuwa safi. Kapteni, Mwingereza mkimya, alisoma gazeti lake. Egau aliandika mwendo, urefu, hali ya hewa. Kulia kwake, mbali kaskazini, kitu cha buluu kilitokeza juu ya tambarare, kidogo kama jino: Mwamba wa Tororo. Kwa dakika tisa aliweza kuuona. Chini ya huo, upande wa huku, palikuwa na Buteba, ambako macho hayakufika.

Rubani msaidizi hukaa kulia. Wakati wa kwenda, mwamba ulikuwa wake. Wakati wa kurudi, ulikuwa upande wa kapteni, naye kapteni hakuwa na sababu ya kuutazama.

Usiku huo katika chumba chake cha Nairobi aliandika daftarini muda wa safari kwa wino. Kwenye safu ya mwisho, ile ya maelezo, ambayo tangu Uskochi alikuwa akiiacha tupu, aliandika kwa penseli: siku mia moja na thelathini hadi tarehe nne Februari. Kisha akala, peke yake, akazima taa.